Mke wangu anaiita Subaru yangu mke mwenza. Niiuze au niendelee kuitunza?

Mzee wa Gereji, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, nina duka la dawa za mifugo hapa Nakuru mjini na boma Kiamunyi. Kwenye boma hilo kuna gereji ya mabati niliyoijenga hata kabla jikoni halijapigwa plasta. Ndani ya gereji kuna Subaru Impreza WRX STI ya 2006, ile ya taa za jicho la mwewe, rangi ya buluu. Niliiagiza kutoka Japani mwaka wa 2013. Mpaka ilipotoka bandarini Mombasa, ushuru umelipwa, ilikuwa imenila shilingi milioni 1.9. Ilifika na kilomita 41,000. Leo inasoma 58,200.

Hujakosea kusoma. Kilomita elfu kumi na saba kwa miaka kumi na miwili. Mvua ikinyesha siitoi. Vumbi likizidi siitoi, nawe unalijua vumbi la Nakuru kuanzia Januari. Jumapili mbili kwa mwezi naiwasha, naizungusha mpaka Lanet na kurudi, naipangusa, naifunika turubai, halafu narudi kwa Probox yangu ya kazi. Haijachezewa hata kidogo. Eksozi ni yake, rimu ni zake, redio ni ile ile inayonisalimia kwa Kijapani. Karatasi ya mnada wa Japani na kitabu cha huduma ninavyo kwenye bahasha, pamoja na risiti za kila kopo la oili. Mkanda wa taimingi sijaugusa kwa sababu kitabu kinasema kilomita 100,000, na bado niko mbali. Watoto hawapandi na viatu. Hata mama yao huvua mlangoni, ndiyo maana mpaka leo ndani kunanukia upya.

Sababu yangu ni moja: naamini gari hili litakuja kuwa dhahabu. Tazama Nissan Skyline R34 zinavyouzwa. Tazama Subaru 22B. Mwaka wa 2022 Subaru wenyewe walitangaza kwamba WRX mpya haitatolewa STI ya petroli, yaani lile toleo lake la kasi zaidi. Tena ikifika 2031 yangu itatimiza miaka 25, na Wamarekani wataruhusiwa kuziagiza. Hapo nani mwingine Kenya atakuwa na moja ambayo fundi hajaitia kisu?

Mama Baraka haoni hivyo. Anaiita mke mwenza, tena mke mwenza mwenye nyumba yake. Siwezi kusema hana hoja. Nina mkopo wa sacco wa asilimia moja kwa mwezi, wa vyumba sita vya kupangisha ambavyo vimekwama kwenye linta tangu mwaka jana. Januari Baraka anaingia sekondari ya juu. Mwezi uliopita daktari mmoja alikuja kutoka Eldoret, akaizunguka gari saa nzima, akalala chini akaichungulia tumboni, kisha akataja milioni 2.3. Nikakataa. Mama Baraka hakusema kitu. Aliondoa vikombe vya chai, akaenda kulala. Tangu siku hiyo hajalitaja tena hilo gari, na kimya hicho ndicho kimenisukuma kukuandikia.

Juu ya hayo yote kuna ndugu yangu mdogo. Anasema nikitaka bei nzuri niweke eksozi kubwa, tabo (turbo) kubwa na rimu za inchi kumi na tisa, kwamba vijana watapigania.

Nikiiuza nitakuja kujuta? Nikiiweka nitakuja kushukuru?

Baba Baraka, Kiamunyi.

*

Marahaba, Baba Baraka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama fundi na ya pili kama mume wa mtu. Fundi alifurahi. Mume alikuna kichwa.

Tuanze na pesa, maana ndizo ulizozitanguliza. Ulinunua kwa milioni 1.9, ukaitiwa 2.3, na nadhani moyoni umeandika faida ya laki nne. Ifute. Tangu mwaka ule bei za vitu humu nchini zimekuwa zikipanda kwa wastani usio mbali na asilimia 6 kwa mwaka, na kitu kinachopanda hivyo hufika maradufu kwa miaka kumi na miwili. Maana yake gari lako lingetakiwa kukaribia milioni 3.8 ili tu libaki pale lilipokuwa siku ulipolipokea. Hapo sijagusa bima, betri, oili wala mabati ya gereji. Si jambo la kulilia. Karibu kila gari lililotoka bandarini siku ile leo linauzwa chini ya bei yake, nalo lako limepanda. Kama gari limejitahidi kuliko wenzake wote. Kama akiba, linavuja.

Halafu kuna huo mkopo. Asilimia moja kwa mwezi ni kumi na mbili kwa mwaka. Kila mwaka unaoishi na deni hilo huku gari limefunikwa, gari linapaswa kupanda kwa asilimia kumi na mbili ndipo mtoshane nguvu. Sijaona STI ya kawaida ikifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Na wewe hujaona. Umeona video.

Sasa hiyo 2031. Sheria unayoitaja ipo. Marekani huzuia gari ambalo halikuundwa kwa kanuni zake za usalama mpaka litimize miaka 25. Ndiyo maana Skyline R32 zilianza kuingia huko kihalali mwaka wa 2014, na R34 za kwanza, za 1999, zikafuata 2024. Bei ziliruka kweli. Lakini jiulize kwa nini walizililia. Nissan haikuwahi kuwauzia Skyline GT-R madukani kwao. Walikuwa wameiona kwenye michezo ya kompyuta robo karne nzima bila kuigusa. STI ni habari nyingine. Subaru ilianza kuwauzia kwenye modeli ya 2004, yenye injini ya lita 2.5, usukani upande wanaoutaka wao. Wanazo. Yako ya lita 2.0 itawapendeza wachache wanaougua ugonjwa wa magari ya Kijapani, na hao wataagiza Japani kwenyewe, kwenye minada yenye kumbukumbu za kila mkwaruzo. Sioni Mmarekani akipita Yokohama akija kununua Kiamunyi, gari lililokwisha kuvuka bahari mara moja, ili alivushe tena.

Na 22B, tafadhali, tuiweke mahali pake. Ilitoka 1998, mia nne kwa soko la Japani, mwili wa milango miwili uliopanuliwa mabega, kuadhimisha miaka arobaini ya Subaru na mataji matatu ya dunia ya mfululizo katika mashindano ya rali. Yako ina jina la ukoo sawa na hiyo, si pacha wake. Ila fungua boneti usome kile kibati cha modeli. Ukikuta ni Spec C, ile iliyopunguzwa uzito, au ikiwa kwa bahati ya Mungu ni S204, ambayo ziliundwa 600 tu, niandikie siku hiyo hiyo na usiendelee kusoma.

Unaendelea? Basi ni STI ya kawaida kama nilivyodhani. Nikupe hadithi mbili, moja ya mbali na moja ya hapa kwetu.

Mwaka wa 1976 Cadillac walitoa Eldorado ya paa la kukunja, nayo ikanadiwa kama ya mwisho ya aina yake kutoka viwanda vya Marekani. Ziliundwa kama elfu kumi na nne. Watu wakazinunua na kuzifungia ndani kama wewe, wengine kwa matumaini ya kusomesha wajukuu. Miaka haikuwa mingi viwanda vikarudi kuunda za kukunja paa, Cadillac wenyewe wakiwa na Eldorado mpya mwaka wa 1984. Waliohifadhi walipofungua milango ya gereji wakakuta kila mwenzao ana ile ile, safi vile vile, yenye kilomita chache vile vile. Wengine walikwenda hadi mahakamani wakidai wamedanganywa.

Ya hapa kwetu unaijua ukiwa mtu wa barabara hii. Miaka ya themanini ukitaka kutoka Nakuru kwenda Kisumu upesi, ulipanda Peugeot, ile 504 ya stesheni wagoni, mmebanana viti vitatu vya mistari na kuku chini ya miguu ya mtu. Ndugu zake wa jina hilo la 504 walishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, lakini lenyewe hakuna aliyeliona kama hazina. Lilikuwa gari la kazi. Zilibebeshwa mpaka springi zikanyooka, zikauzwa vyuma, nyingine nimeziona zikilaza kuku. Leo 504 safi ikipita Kenyatta Avenue wazee wenzangu husimama wakaitazama mpaka ipinde kona.

Hapo ndipo ninapokubaliana nawe, Baba Baraka, ingawa si kwa sababu zako. Zile STI EJ20 Final Edition 555 ambazo Subaru walizitoa 2019 kuiaga injini iliyokuwapo tangu 1989, waliozipata hawakuzinunua wabebee viazi. Miaka thelathini ijayo nyingi zitakuwa hai, na safi. Lakini STI za Kenya zimekwenda njia ya Peugeot. Zimepinduliwa, zimechomwa tabo, zimekatwa waya ili ziwekewe spika, zimefungiwa injini za gari jingine. Na nyingine ya umri wake haingii. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kisima cha STI za 2006 kilizibwa zamani. Zilizopo ni zile zile, na kila Krismasi zinapungua kwa sababu unazozijua. Safi yenye karatasi zake ni kitu cha kuhesabika kwa vidole. Soko lako si Marekani. Soko lako ni Eldoret.

Mfikirie huyo daktari. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza ya buluu. Mwaka wa 2000 Richard Burns akaishinda kwa Impreza tena. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama kando ya barabara 1997, vumbi la gari lile likamwingia puani, leo anakaribia miaka arobaini na ana mshahara. Hanunui chombo cha usafiri. Ananunua lile vumbi. Watu wa aina hiyo ndio wanaopandisha bei za magari ya kasi kila mahali duniani, na hupandisha wanapokuwa na pesa na magoti bado yanawabeba. Umri huo haudumu. Muulize Baraka anataka picha ya gari gani ukutani. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, huku huku Naivasha na Soysambu, Toyota walishinda, wakashinda kila mwaka hadi 2025. Usishangae akikutajia Toyota GR Yaris. Kwa hiyo nakisia bei ya gari kama lako itaendelea kukwea polepole miaka kumi hivi, labda kumi na mitano, kisha itulie wanunuzi wake wakizeeka. Polepole, nimesema. Si kwa mwendo wa sacco.

Hilo la ndugu yako nilimalize kwa mstari mmoja. Siku eksozi ya kiwandani inapotoka, daktari wa Eldoret anarudi kwao na kwenye foleni wanabaki vijana wenye laki saba. Na kama kuna kipande chochote umewahi kukitoa, hata vifuniko vya boliti, kitie kwenye katoni na ukiandike.

Sasa nije kwenye utunzaji, maana hapo nina la kusema kuliko yote, na hapo ndipo umenitia wasiwasi.

Nilipokuwa na gereji Kisumu, mteja mmoja aliyekuwa akiishi ng'ambo alinipigia nikamchukulie gari lake Milimani. Mitsubishi Lancer Evolution ya 2001, kilomita elfu thelathini na kitu, imelala miaka sita chini ya turubai zito. Mwenyewe alikuwa na fahari kama yako. Tulipofunua turubai, lilitoka na ngozi ya rangi kwenye paa, kwa sababu unyevu wa ziwa ulikuwa umenaswa chini yake miaka yote hiyo ukipika rangi taratibu. Mikanda ya viti ilikuwa na ukungu wa kijani. Nilifungua tangi, harufu iliyotoka haikuwa ya petroli, ilikuwa ya vanishi. Petroli ya siku nyingi hugeuka gundi, nayo ilikuwa imeziba pampu na nozeli zote nne. Diski za breki zilishikana na padi kwa kutu hata gari likagoma kusukumwa. Klachi ilikuwa imeganda kwenye gurudumu la injini. Nikafungua kasha la chujio la hewa. Ndani kulikuwa na maganda ya mahindi yamepangwa vizuri kama kitanda, na panya wachanga watano, macho bado yamefumba. Mama yao alikuwa ametafuna waya wa kompyuta ya injini kutoka kwenye kasha mpaka ukutani. Kilomita zake zilikuwa chache kweli. Kulifufua kulikula karibu nusu ya bei yake.

Wewe hujafika huko kwa kuwa unaliwasha. Lakini Lanet na kurudi hakutoshi. Safari fupi hulipasha injini moto nusu, maji yanayotokea ndani ya eksozi na kwenye oili hayapati nafasi ya kukauka. Lipe saa nzima barabarani, mara mbili kwa mwezi, mpaka kila kitu kiwe moto sawasawa. Badilisha turubai hilo la plastiki uweke shuka la kitambaa linalopumua. Vumbi la kwetu, hasa la upande wa ziwa, lina magadi ndani yake, na vumbi likishika unyevu linaharakisha kutu. Osha na chini ya gari pia, usipanguse juu tu, kwa kuwa ukipangusa vumbi kavu unaisugua rangi kwa msasa. Oili ibadilishwe kila mwaka hata kama kilomita ni mia tatu. Maji ya breki kila miaka miwili, kwani hufyonza unyevu hewani hata yakikaa tu. Tazama ubavu wa matairi utafute tarakimu nne za mwisho: zikisema 2213, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 22 ya 2013, na hata kama meno yake ni mapya kabisa, mpira wake ni mzee wa kustaafu. Na mitego ya panya. Mingi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari ya zamani sana hawalijui. Datsun ya 1972 hufufuliwa na fundi mwenye spana na subira. Gari lako lina kompyuta, sensa na plagi za plastiki ambazo zikifika miaka ishirini huvunjika ukizigusa kwa kidole. Nissan na Toyota wameanza kuunda upya baadhi ya vipuri vya Skyline na Supra za zamani. Usingoje wafikie lako. Ukiamua kubaki nalo, anza leo kununua vile vidogo visivyo na jina kubwa: sensa ya hewa, raba za milango, taa nzima za mbele, kompyuta ya pili kutoka gari lililopinduka. Siku za usoni kitakacholilaza gari hili si injini, ni kipande cha elfu nne ambacho hakipatikani.

Bima. Ikiwa umelipia ya mtu wa tatu peke yake, kama wafanyavyo wengi gari likishazeeka, basi moto mmoja wa waya ukila hiyo gereji, hazina yako imekwisha na hakuna atakayekulipa. Mtafute mthamini akuandikie bei iliyokubaliwa na kampuni kabla ya kulipa, si baada.

Umeniuliza kama utajuta. Mimi ningeuza. Ningempigia daktari, ningemwambia kuna bahasha ya karatasi hakuifungua vizuri alipokuja, ningetaja milioni 2.8 na kumwachia akinishusha mpaka 2.5. Ningelipa sacco, ningepaua vyumba sita, kodi ingeanza kuingia Baraka akiwa muhula wa kwanza. Gari adimu bila deni ni raha. Gari adimu lenye deni la asilimia kumi na mbili linakutunza wewe, wala si wewe unalitunza.

Lakini usiuze kabla hujafanya jambo moja, kwa sababu barua yako si ya gari peke yake. Umeandika, tena kwa kujisifu, kwamba Mama Baraka huvua viatu mlangoni. Isome tena sentensi hiyo ukijifanya ni yeye. Miaka kumi na miwili ameishi na kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwake, na kila akikikaribia anaingia peku kama msikitini. Hajakuonea wivu wa pesa. Sidhani kama amewahi hata kujua kwa nini unalipenda, maana umempeleka mpaka Lanet na kumrudisha.

Jumamosi moja hebu mwambie avae. Viatu vya kutokea, vyenye kisigino akitaka. Mchukue mpaka Kericho, mnywe chai huko huko inakochumwa. Mkipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, gari likiwa moto, fungua dirisha lake asikie injini ile inavyonguruma ukipunguza gia, kisha umpe usukani mkirudi kama anaendesha. Vumbi likiingia liingie. Mkikaa mezani muulize yeye: tuuze au tuweke? Akisema tuuze, mpigie daktari hapo hapo mbele yake. Akisema tuweke, basi umepata mshirika, na deni mtalipigania wawili, na hakuna atakayevua viatu tena.

Ila kabla ya hiyo Jumamosi kuna kazi. Ule mkanda wa taimingi. Kitabu kimekwambia kilomita 100,000 ukafurahi, lakini mpira hauhesabu kilomita tu, unahesabu na miaka, na huo wako ulifungwa kiwandani 2006. Kwenye injini hiyo mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni, na kilichobaki si cha daktari wa Eldoret wala cha Mmarekani, ni cha muuza vyuma. Nunua seti nzima, mkanda, roli zake, kikazio na pampu ya maji, ufungiwe na fundi anayeijua Subaru, umlipe bila kubishana. Kwa huo ulio nao sasa, usithubutu kuvuka hata Salgaa.